Waliung'oa Mti wa Mke Wangu, Udongo Wakaubeba

Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024, saa nne kasoro asubuhi. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika.

Siku hiyo Bibi Kijakazi alitembea.

Najua kwako unayesoma hilo si kitu. Ngoja nikwambie. Bibi Kijakazi alikuwa jirani yangu, miaka themanini na ushee, magoti yake yalikufa zamani. Kwenda msalani tu anashikwa mkono. Miezi sita nilikuwa sijamwona amevuka kizingiti cha mlango wake.

Siku hiyo alitoka peke yake.

Miguu peku. Kichwa wazi, yeye mtu mzima wa Kiislamu ambaye miaka yote ya ujirani sikuwahi kuona nywele zake. Akavuka barabara, bajaji ikafunga breki puani kwake, dereva akamporomoshea matusi. Hakusikia.

Akapita geti. Akampita mlinzi, akawapita mafundi, akaenda moja kwa moja mpaka pale kilipokuwa kimesimama kijiko, lile katapila la kuchimbia.

Akashuka shimoni. Akajilaza kifudifudi.

"Msichimbe! Wallahi msichimbe tena! Mmeshamtoa! Mmeshamtoa!"

Watu wakaangua kicheko. Wengine wakatoa simu wakaanza kurekodi. Mmoja akasema, "Bibi kapandisha mashetani huyo, leteni ubani."

Mimi nilikuwa nimesimama kando na karatasi mkononi. Mungu anisamehe, nami niliwaza hivyohivyo.

Kumbe pale mwenye akili timamu alikuwa yeye peke yake.

Sasa nirudi nyuma, mnielewe.

Mimi naitwa Zabron. Baba yangu alitoka Kigoma akaja Tanga kukata mkonge, nikazaliwa kambini, shule nikaishia darasa la nne. Kazi ninayoijua ni moja, bustani.

Tangu mwaka tisini na saba natunza bustani ya nyumba moja kubwa ya kizamani hapa Raskazone. Nyumba ni ya ofisi. Ofisi gani sitaitaja, maana hadi leo nalala kwenye boikota yao, kile chumba na jiko huko nyuma.

Wakubwa wanakuja na kuondoka. Nimeshapitisha kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyejua jina la ua, ila kila anayefika lazima anihamishishe mawe.

Mke wangu alikuwa Lea. Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mwanakwaya, mwembamba, mdomo wembe.

Mwaka 2001, mwezi wa tano, alikwenda kwao siku nne. Akarudi na kopo la maziwa ya unga lenye mche mdogo, na mfuko wa rambo umejaa udongo.

"Mche gani huo?"

"Mse."

Ndivyo wanavyouita kwao. Wengine wanasema podo. Ni mti wa misitu ya kule juu, majani membamba, marefu, magumu, hauvui nguo zake mwaka mzima.

"Na huo udongo?"

"Wa chini ya mama yake. Mti huu hauli udongo wa ugenini mpaka uonjeshwe wa kwao."

Nikacheka. "Lea, huku pwani. Jua hili, chumvi hii. Mti wa mlimani utaota huku?"

"Wewe Muha umeota mkongeni, sembuse mti."



Akachagua mahali mwenyewe, kati ya ukuta wa jiko letu na uzio. Mimi pale nilikuwa nimepapigia hesabu ya tuta la mchicha. Nikachukua jembe nimchimbie shimo, akaninyang'anya.

"Nachimba mwenyewe."

"Mtunza bustani si mimi?"

"Leo umepewa likizo."

Akachimba kwa kisu cha jikoni. Polepole, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Nikamwona mshamba. Nikaenda zangu kukata majani.

Jamani, ule mti ulilelewa.

Miaka mitatu ya kwanza ulikuwa na kibanda chake cha makuti, jua la saa sita lisiupige. Kusi ikivuma inaleta chumvi, ncha za majani zinaungua kama zimepitiwa na pasi. Lea anachota ndoo ya maji baridi, anaosha jani moja moja kwa kitambaa.

Maji ya kuoshea mchele, ya mti. Majani makavu anayalaza kuzunguka shina, ila yasiliguse, shina likiguswa linaoza. Wadudu weupe wakija, majivu. Na kile kichwa cha juu mtu asikitie kisu, kikikatwa mti unakosa adabu, unakuwa kichaka.

Haya yote mimi, mtunza bustani, nilifundishwa na mke wangu.

Mwaka wa kwanza uliongezeka kiganja. Mwaka wa tano ulinifika kifuani. Mwaka wa ishirini ulikuwa umelipita paa la boikota, umenyooka, kijani iliyokolea. Mtu akipita barabarani anageuza shingo.

Watu wakaanza kuuita mti wa Krismasi.

Unajua huku kwetu Desemba tunakata matawi ya mivinje ya ufukweni, tunayafunga pamba, basi, Krismasi hiyo. Sasa usharika ulipouona ule wa Lea, ikawa kila mwaka vijana wa kanisani wanakuja kuomba matawi. Lea anawakatia mwenyewe, ya chini tu, huku anawagombeza.

"Si wa Krismasi! Ni mse!"

"Haya mama, huo huo wa Krismasi."

Mpaka mimi mwenyewe nikazoea kuuita hivyo. Lishikeni hilo.

Watoto hatukupata. Sitaki kulisema sana hilo kwa sasa.

Agosti 2021 Lea akaanza kubanwa pumzi. Gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa pale uani, limeoshwa. Nikaomba. Nikaambiwa haliwezi kutoka bila kibali, na wa kutoa kibali hapokei simu.

Nikampakia kwenye bajaji. Alifia begani kwangu kabla hatujafika hospitali.

Gari lilikuwepo. Nataka mlijue hilo, sijasahau.

Kaka zake wakaja wakamchukua, wakamzika Bumbuli. Kwa hiyo kaburi liko mlimani, na mimi niko huku. Kilichobaki karibu yangu ni ule mti. Jioni nikimaliza kazi nabeba kigoda naukalia pembeni. Simwelezi mtu kwa nini.

Wiki moja kabla hajafa, alinishika mkono akasema, "Zabron, mti uumwagilie. Siku ukifa, uache ufe umesimama. Pale pasichimbwe."

"Sawa."

"Sema pasichimbwe."

"Pasichimbwe."

Sikuuliza kwa nini. Nilisema mgonjwa huyu, habishiwi.

Sasa ikaja Februari 2024, na kampeni ya wakubwa.

Kampeni ilisema hivi: masika hii kila ofisi ipande miti ya asili, na ile ya kigeni iondolewe. Maneno mazuri, sipingi. Tena ikapangwa kwamba uzinduzi ufanyike kwenye bustani yangu mimi, mgeni rasmi aje apande mti wa kwanza, kamera zikiwepo.

Akaja afisa mmoja kijana, Bwana Rahimu, na wenzake wawili na kopo la rangi ya kupuliza. Viatu vinang'aa, nikaviona vinakanyaga kitalu changu cha maua ya saa nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Huu ni mti gani?"

Hapa nilikosea mimi. Nalaumu watu wengi, lakini hapa nilikosea mimi.

Nilitaka kuusifia. Nikaona nikisema mse hawataelewa, nikisema podo wataona najifanya msomi. Nikasema, "Huu mkuu ndio ule mti wa Krismasi. Hata kanisani wanachukua matawi hapa."

"Wa Krismasi? Kumbe wa Wazungu."

"Hapana mkuu, mke wangu aliutoa milimani kwa..."

"Mzee, Krismasi imeanzia Lushoto?"

Wenzake wakacheka. Yeye akaandika. Kisha yule wa rangi akapuliza X nyekundu kwenye shina, kama wanavyopuliza kwenye nyumba ya mtu iliyoingia barabarani.

Rahimu akarudi nyuma hatua tatu, akaweka vidole kama fremu ya picha. "Pazuri hapa. Huu utoke na mizizi yake yote, mgeni rasmi apande wa asili palepale. Na kibao cha mawe cha uzinduzi kikae hapo kando."

"Wa asili upi?" nikauliza.

"Mwarobaini."

Wakaondoka.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hatibu. Mtu mzuri, tumezeeka pamoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Ndugu yangu Zabron, mti uko ndani ya uzio wa ofisi. Mamlaka yangu mimi yanaishia getini."

"Sasa niende wapi?"

"Jaribu kata."

Kata wakasema lete karatasi ya mtaalamu. Mtaalamu siku ya kwanza hayupo, siku ya pili yuko kikaoni, siku ya tatu mlango umefungwa na feni ndani inazunguka. Nilipigwa danadana mpaka soli ikaachia.

Siku ya nne nikampata. Binti mdogo, Samiha, mtu wa misitu. Nikadhani naye ataniambia njoo kesho. Badala yake akachukua mkoba, akasimamisha bodaboda, akaja mwenyewe kuuona.

Akazunguka ule mti. Akashika jani, akalivunja, akalinusa. Akaitazama ile X.

"Nani kauandika huu mti wa kigeni?"

"Wakubwa."

"Mzee wangu, huu ni podo. Upo Usambara tangu babu wa babu yako hajazaliwa. Hakuna mti wa asili kuupita huu." Akapiga shina kwa kiganja. "Tena kuukuza hapa pwani mpaka ukafika hivi! Nani kaulea?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

"Ametangulia."

"Pole, baba." Halafu akauliza, "Na wanataka kupanda nini?"

"Mwarobaini."

Akacheka, lakini cheko la kukasirika. "Mwarobaini ndio uliokuja na meli kutoka Bara Hindi! Yaani wanamfukuza mwenye nyumba wanamkaribisha mpangaji!"

Akaniandikia karatasi palepale, tukarudi akaigonga muhuri ofisini kwake. Akaniambia, "Mfikishie bosi wako haraka, mkononi."

Hiyo ilikuwa Jumatano alasiri. Nikakimbia nayo. Kwa katibu muhtasari nikamkuta Leticia anapaka kucha rangi.

"Bosi yupo?"

"Yuko semina Dodoma mpaka Ijumaa. Semina ya mazingira. Acha karatasi hapo."

"Naomba umpigie simu, dada yangu."

"Mzee Zabron, nimpigie bosi yuko semina, nimwambie habari za mti?"

"Si semina ya miti?"

Akanikata jicho hilo! Nikachukua karatasi yangu nikatoka.

Alhamisi saa mbili kijiko kikaingia.

Nikamwendea msimamizi wa kazi, jina lake Yona. Nikampa karatasi. Akaisoma yote, midomo inacheza.

"Hii haina sahihi ya bosi."

"Ina muhuri wa mtaalamu. Soma hapo, mti wa asili."

"Nimesoma. Haina sahihi ya bosi." Akanirudishia. "Mzee, nikuulize swali. Nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ya ofisi."

"Basi sogea."

Nikasogea.

Naandika hivyo bila kujitetea. Mtu mwenye miaka sitini na moja, hana shamba, hana mtoto, hana pa kwenda. Nilisogea.

Msumeno uliingia kwanza. Mti ule una mbao nyeupe inayokaribia unjano, sikuwahi kuiona kwa miaka yote ile, na harufu yake ikajaa uwanja mzima. Ukaangukia upande wa bahari. Halafu kijiko kikashika kisiki, kikatikisa kama mtu anang'oa jino, kikatoa. Kikaanza kuchota udongo. Walitaka shimo pana, kwa ajili ya mwarobaini na msingi wa kibao.

Lori likajaa, likatoka. Likarudi, likajaa, likatoka tena.

Liliporudi kwa safari ya tatu ndipo Bibi Kijakazi alipovuka ile barabara.

Katika watu wote pale, aliyeshuka shimoni kumnyanyua alikuwa dereva wa lori, Ayubu. Mimi nikashika miguu, yeye mabega, tukampeleka kwake. Mzito hakuwa. Mchanga ulikuwa umemjaa mdomoni.

Binti yake Zuwena akamfunika khanga, akamfuta uso. Ayubu akarudi kazini. Bibi akasema, "Zuwena, tupishe."

Tukabaki wawili.

"Zabron, mwanangu, nisamehe. Niliapa."

"Uliapa nini, bibi?"

"Unaikumbuka ile masika uliyotumwa Korogwe?"



Naikumbuka. Aprili 2001. Lea alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkubwa wa wakati ule alikuwa anaoza binti yake, akanituma Korogwe kufuata maua ya kupamba. Mvua ikakata njia, nikalala huko. Kurudi kesho yake, namkuta Lea kalala amegeukia ukutani, tumbo hakuna. Bibi Kijakazi mlangoni.

"Mtoto?" niliuliza.

"Wa Mungu. Yameshakwisha. Usimuulize mwenzio."

Na kweli sikumuuliza. Nilidhani hospitali walishughulikia. Miaka ishirini na zaidi nilidhani hivyo, na Lea hakuwahi kulitaja, nami nikaona kulitaja ni kumtonesha.

"Hospitali hatukwenda," Bibi Kijakazi akasema. "Maji barabarani yalikuwa magotini. Nilimpokea mwenyewe. Hakulia."

Nikakaa chini sakafuni.

"Mtoto ambaye hakulia, kwa kina Lea wazee wao hawampeleki makaburini. Msiba haukaliwi. Wanawake wanamzika karibu na jiko, mama awe anapita jirani naye. Baba haonyeshwi."

"Kwa nini baba haonyeshwi?"

"Akionyeshwa, atakayefuata naye hatalia. Ndivyo walivyoshika wao. Na Lea alikuwa anamngoja wa kufuata. Akangoja, akangoja. Mpaka miaka ikapita, ikawa hajui tena aanzie wapi kukwambia."

"Bibi. Kwenye mti?"

"Wewe si ulitaka kulima mchicha pale? Alikuja kwangu analia. Anasema Zabron atachimba. Nikamwambia panda kitu ambacho mwanamume hawezi kuking'oa. Akaenda kwao akaleta ule mti."

Nikamuuliza kama alikuwa wa kike au wa kiume.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Nywele nyingi, kama amesukwa. Lea alimpa jina Ruthi. Nilimviringisha kwenye khanga yangu ya kisutu nikamlaza mwenyewe, upande wa ukuta wa jiko, kimo cha mkono wangu mpaka kwapani. Niliposikia wanakata nikasema basi, kukata si kuchimba. Ndipo nikasikia kijiko."

Nina mtoto anaitwa Ruthi. Nilijua siku ileile nilipompoteza.

Nilitoka mbio. Nimefika pale, upande wa ukuta wa jiko hauna kitu. Wamekwangua mpaka mchanga mweupe. Nikaingia shimoni nikachimbua kwa vidole. Yona akawa ananiangalia tu.

"Huyu naye kaambukizwa na yule bibi," nikasikia fundi mmoja anasema.

Nikamfuata Ayubu kwenye lori.

"Udongo wa upande ule wa ukuta, uliubeba safari gani?"

Akafikiri. "Ule? Safari ya pili. Ya kwanza ilikuwa upande wa uzio."

"Umeumwaga wapi?"

"Wa kwanza nilimwaga Mabawa, kwenye lile dimbwi la barabarani. Ndiko kifusi chote kilikopangiwa."

"Nakuuliza wa pili."

Akazima injini. Akatazama kushoto na kulia.

"Mzee wangu, usiniponze. Wa pili nilipigiwa simu, nikaambiwa fuata bodaboda. Nikaifuata mpaka kiwanja cha mtu, anajaza anataka kujenga. Nikamwaga, nikaondoka."

"Kiwanja cha nani? Wapi?"

"Nina watoto watatu, mzee. Kazi ndiyo hii."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

Akainamisha kichwa kwenye usukani. Halafu akawasha gari.

Toka siku hiyo nimeuliza kila mlango.

Yona anasema, "Safari tatu, zote Mabawa. Ndivyo ilivyoandikwa." Anajua kwamba akisema vinginevyo, itabidi aseme kifusi cha barabara ya wananchi kimefikaje kwenye kiwanja cha mtu binafsi.

Rahimu alihamishwa. Amepanda cheo, nasikia.

Bosi aliporudi semina nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Alinisikiliza, nisimsingizie. Mwisho akasema, "Pole sana, Zabron. Sasa unataka nini hasa? Tukuletee kifusi kingine?"

Polisi wakaniuliza mtoto alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Hana. Cha kifo? Hana. "Sasa mzee, tunatafuta nani?"

Mchungaji akaniombea. Nashukuru. Lakini naye hajui udongo uliko.

Nikaanza kutafuta kwa miguu yangu. Majani ya podo hayaozi haraka, na pale chini yalikuwa yamelala ya miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo nikiona mahali pamejazwa kifusi naomba ruhusa, nainama, napekua. Mabawa niliyaona, kwenye lile dimbwi lililojazwa, majani yetu kabisa, greda limeyasaga na kokoto. Hiyo ndiyo safari ya kwanza.

Ya pili sijaiona. Nimezunguka Chumbageni viwanja vyote vinavyojengwa, nimekwenda mpaka njia ya Pongwe. Mafundi wameshanizoea. "Mzee wa majani kaja." Wengine wananiachia nipekue, wengine wananifukuza. Na kila wiki nachelewa zaidi, maana mahali ambapo juzi palikuwa kifusi leo pana msingi, kesho pana ukuta, keshokutwa kuna mtu kaweka kitanda.

Bibi Kijakazi hakuimaliza Ramadhani ile. Kabla hajafa alimwambia Zuwena aniulize kama nimempata. Zuwena akamdanganya kwamba nimempata. Sijui kama alifanya vizuri au vibaya.

Mgeni rasmi alikuja, akapanda mwarobaini wake, akapigwa picha. Kibao cha mawe kimeandikwa "Tulinde Miti Yetu ya Asili". Mwarobaini umeshika vizuri. Naumwagilia mimi, ndiyo kazi ninayolipwa. Mti hauna kosa.

Nimeandika haya humu mtandaoni kwa sababu milango mingine yote nimeshaigonga.

Nyie wenye wake na waume, mwenzio akikwambia neno usilolielewa, usiseme sawa ili yaishe. Muulize. Muulize angali na mdomo, hata kama atalia, hata kama mila inakataza. Mimi nilinyamaza kwa heshima, na ile heshima yangu ndiyo iliyomficha mwanangu hadi kijiko kikamkuta.

Na nyie mnaoandika X kwenye vitu vya watu, mkiwa hamjui kitu si dhambi kuuliza mara ya pili.

Sitaki fidia. Sitaki mtu afukuzwe kazi. Kiwanja chako sitakichimba, nyumba yako sitaibomoa. Nitasimama nje ya ukuta tu, kidogo, nivue kofia, niondoke.

Kuna mtu anasoma hapa anajua, au dereva wa ile bodaboda yupo, au fundi aliyepokea kifusi cha Alhamisi ile, tarehe saba Machi, saa tatu na nusu asubuhi.

Ile safari ya pili ilimwagwa wapi?